Maandishi ya Mpigo katika Michezo ya Kompyuta na Swali la Silabi ya Kiswahili

Katika michezo ya kompyuta yenye hadithi, wahusika husema kwa maandishi. Kisanduku hufunguka chini ya skrini, na ndani yake maneno ya mhusika hujitokeza, lakini hayaji yote kwa pamoja. Herufi ya kwanza hutangulia, ya pili huifuata, kisha ya tatu, hadi sentensi ikakamilika, kana kwamba yupo mpiga chapa asiyeonekana aliyeketi nyuma ya kioo na taipureta yake. Mara nyingi herufi hizo huandamana na mlio mdogo. Mtindo huu haujapata jina lililozoeleka katika Kiswahili. Katika makala haya tutauita maandishi ya mpigo, kwa kuwa kila kipande cha neno huja kwa mpigo wake, kama ijavyo herufi ya taipureta chini ya kidole.

Huenda msomaji akauliza jarida la lugha lina haja gani na michezo ambayo wengi huihesabu kuwa ya watoto. Haja ipo. Jambo hili laonekana kuwa la mafundi wa kompyuta, lakini limejengwa juu ya dhana ya lugha, yaani dhana kuhusu kipande kidogo kabisa cha maandishi kifaacho kumfikia msomaji kikiwa peke yake. Dhana hiyo iliwekwa na watu walioandika Kiingereza na Kijapani. Kiswahili hakikuwamo katika hesabu zao, wala hakuna lawama katika hilo. Lakini mtu atakayeandika mchezo kwa Kiswahili, au atakayetafsiri mmoja, huirithi dhana hiyo ikiwa imo ndani ya zana anazozitumia, na asipoichunguza wahusika wake watasema kama watu wenye kigugumizi. Tunakusudia kuonyesha kwamba kizio kifaacho kwa Kiswahili si herufi bali ni silabi, kwamba badiliko hilo ni jepesi kulifanya, na kwamba hata hivyo kuna mahali ambapo silabi nayo haitoshi.

Asili ya mpigo

Mpigo ulikuwa lazima kabla haujawa pambo. Will Crowther alipotunga mchezo wake wa pango katika mwaka 1976, na Don Woods alipoupanua mwaka 1977, kompyuta waliyoitumia ilikuwa ya aina ya PDP-10. Kompyuta za siku zile zilizungumza na watu kwa njia ya teleprinta, au kwa vioo vilivyounganishwa nazo kwa waya. Teleprinta iliyoitwa Teletype Model 33, ambayo ilianza kutumika mwaka 1963, iliweza kupiga herufi 10 tu kwa sekunde. Sentensi yenye herufi 60 ilichukua sekunde 6 kamili, na mchezaji aliisoma huku ikitoka, akiusikia mtambo ukigonga karatasi. Hapakuwa na mtu aliyeuchagua mwendo huo kwa ajili ya uzuri wake. Ulikuwa mwendo wa chombo.

Miaka michache baadaye chombo kingine kilileta lazima ya namna nyingine. Nintendo ilitoa mashine yake ya Famicom huko Japani mwaka 1983. Skrini yake ilikuwa na pikseli 256 kwa 240, nayo iligawanywa katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, ndiyo kusema viraba 32 kwa upana na 30 kwa urefu. Herufi moja kwa kawaida ilijaa kiraba kimoja. Picha ilichorwa upya mara 60 hivi kwa kila sekunde, na programu iliweza kubadilisha viraba bila kuiharibu picha katika kipindi kifupi tu kilichopo baina ya picha moja na ifuatayo. Kumimina kisanduku kizima cha maneno ndani ya kipindi hicho kulikuwa kazi ngumu. Kutia herufi moja au mbili kulikuwa rahisi. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya mtindo huu kushika mizizi, ila chombo na mtindo vilipatana vizuri.

Kati ya michezo iliyouzoesha umma maandishi ya mpigo, Dragon Quest hauna budi kutajwa. Ulitungwa na Yuji Horii, nayo kampuni ya Enix ikautoa mwaka 1986. Mchezo mzima, picha na muziki na maneno yake yote, ulitiwa ndani ya kilobaiti 64. Nafasi ilikuwa haba hata alama zenyewe za kuandikia zikahesabiwa: hiragana ilipewa mahali, lakini katika katakana zilichaguliwa chache tu, na majina ya mazimwi na ya uganga yakatungwa kutokana na hizo chache.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa lugha yafaa alitazame kwa makini. Katika kana za Kijapani, alama moja takriban husimamia mpigo mmoja wa matamshi. Neno lao la ng'ombe, yaani ushi, huandikwa kwa alama mbili, nalo hutamkwa kwa mipigo miwili. Kwa hiyo alama zilipojitokeza moja moja pamoja na milio yake, mlio ulifuata mwendo wa ulimi. Mwaka 1989 mchezo huo ulifika Marekani kwa Kiingereza, ukiitwa Dragon Warrior. Mpango ulikuwa ni ule ule, ila sasa alama ilikuwa herufi, na herufi ya Kiingereza si mpigo wa kitu chochote kitamkwacho. Mchezaji aliulizwa mwanzoni achague mwendo mmoja kati ya mitatu, wa kasi, wa kawaida au wa polepole; lakini kasi ya mpigo ni jambo moja, na ukubwa wa kipande kinachopigwa ni jambo jingine. Neno letu ng'ombe, ambalo lina silabi mbili kama ushi, lina alama saba ukiihesabu na ritifaa.

Tangu hapo watungaji wameufanya mpigo kuwa sehemu ya uigizaji. Katika Gyakuten Saiban wa kampuni ya Capcom, uliotoka Japani mwaka 2001 na ambao nchi nyingine huujua kwa jina la Ace Attorney, sehemu kubwa ya hadithi ni mabishano ya mahakamani. Maneno hukimbia, hukwama, husita kabla ya neno zito, na mahali na saa ya tukio hutangazwa kwa sauti ya taipureta hasa. Katika Undertale, uliotungwa na Toby Fox ukatolewa mwaka 2015, wahusika wakuu wana milio yao mbalimbali, na ndugu wawili, Sans na Papyrus, husema kila mmoja kwa fonti iliyompa jina lake. Mchezaji aliyezoea huweza kumtambua asemaye kabla hajasoma neno hata moja.

Kitenzi kinachojengeka mbele ya macho

Sasa na tuitazame lugha yetu ikipita katika mtambo huo. Tuchukue neno hatukumwambia. Lina herufi 13 na silabi 6. Msomaji akipewa ha, hana analolijua ila pengine ukanushi. Akipewa hatu, huanza kufikiri juu ya sisi, ingawa neno lingeweza bado kuwa hatua. Hatuku yamletea wakati uliopita. Hatukum yamdokezea mtendwa. Ikifika hatukumwa, ameshajua kila kitu isipokuwa tendo lenyewe: yawezekana kuwa hatukumwambia, hatukumwamini, hatukumwacha, hatukumwajiri, na hata hatukumwaga, ambamo mw si ya mtu tena bali ni ya mzizi. Kiingereza huzitandaza habari hizo katika maneno matano, kila moja likitengwa na jenzake kwa nafasi tupu, na kila moja fupi kiasi cha kumalizika mara linapoanza. Kiswahili huzifunga zote ndani ya neno moja, na mpigo wa herufi hulipasua neno hilo vipande vipande.

Jambo hili si baya daima. Kwa mtungaji ajuaye afanyalo ni hazina. Mhusika anayeungama huweza kufika kwenye hatukumwa, akanyamaza, na mchezaji akabaki amesimama penye njia panda kuu. Alio nayo husubiri vivyo hivyo: huenda mtu huyo aliona, alioga, alioka mkate, alioa au aliolewa. Lugha ambazo kitenzi chake hakijengwi kwa viambishi namna hii haziwezi kumsimamisha msomaji katikati ya neno na bado akawa ameshapewa nafsi, wakati na ukanushi.

Lakini hatari ipo pia, na iko mwishoni mwa neno. Viambishi vyetu tamati ndivyo viamuavyo nani alitenda na nani alitendwa. Neno aliuawa limebeba ndani yake neno aliua zima zima. Herufi zikija moja moja, msomaji hupewa kwanza muuaji, na punde si punde muuaji huyo hugeuka maiti. Katika mwendo wa herufi 30 kwa sekunde, herufi mbili za mwisho hukamilika baada ya sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, na jicho halina wasaa wa kudanganyika. Katika mwendo wa herufi 10 kwa sekunde, ule ule wa teleprinta ya kale, hukamilika baada ya sehemu moja ya tano ya sekunde, nao ni muda ambao jicho la msomaji takriban hutua mahali pamoja kabla ya kuruka kwingine. Hapo udanganyifu huwa wa kweli. Silabi nayo haituokoi, kwa maana wa ni silabi kamili. Twaonelea kwamba mahali pa namna hii mtungaji atie alama ili neno zima litokee kwa mara moja. Kama mchezo ni wa kumtafuta muuaji, hilo si suala la urembo.

Neno linaloruka mstari

Kosa lionekanalo upesi zaidi ni la upangaji wa mistari. Tuseme kisanduku kina nafasi 24 kwa kila mstari, na sentensi ni hii: Mwalimu alituambia kwamba hatutakaribishwa. Maneno mawili ya kwanza, pamoja na pengo lililo kati yao, hula nafasi 18. Pengo jingine huchukua ya 19, na neno kwamba huanza katika nafasi ya 20. Herufi k, w, a, m na b hupata mahali, nazo zajaa hadi nafasi ya 24. A ya mwisho haina pa kukaa. Programu isiyotazama mbele hugundua hapo tu kwamba neno haliingii, ikaling'oa zima na kulihamishia mstari wa pili. Mchezaji aliyekuwa amekwisha kulisoma nusu upande wa kulia hulikuta liko kushoto, chini. Likifuatwa na hatutakaribishwa, ambalo ni la herufi 16, mstari wa pili utajaa nafasi 23, na nukta itaitimiza ya 24. Ingekuwa hatutakaribishwi, herufi zingekuwa zile zile kwa idadi. Ingekuwa hatutakaribishana, mambo yangeharibika tena.

Kiingereza nacho kina ugonjwa huu, ila maneno yake mengi ya kila siku ni mafupi, hivyo neno linaporuka huwa limekwisha kuonyesha herufi mbili tatu. Kitenzi cha Kiswahili cha herufi 12 au 16 si neno la wasomi; ni neno la mama akimwita mwanawe. Huruka mara nyingi, na huruka likiwa karibu kukamilika.

Dawa yajulikana. Sentensi yote hupangwa kwanza katika mistari yake ikiwa haionekani, kisha herufi hufunuliwa pale pale zilipokwisha kuwekwa. Zana za siku hizi zina njia hiyo tayari. Ren'Py, iliyoanza mwaka 2004 na itumiwayo sana kwa hadithi za picha na maandishi, huifanya kazi hiyo yenyewe. Godot, na TextMeshPro ya Unity, zina kigezo kinachotaja ni herufi ngapi za kwanza zionekane katika maandishi yaliyokwisha kupangwa. Ajidhuruye ni yule anayejiandikia programu kwa kuunganisha herufi moja moja kwenye mwisho wa maandishi, njia ambayo humjia kila anayeanza kwa sababu ndiyo nyepesi kuifikiria.

Kutoka herufi hadi silabi

Zana hizo, hata hivyo, zote huhesabu herufi. Katika Ren'Py mwendo wa maandishi hupimwa kwa herufi kwa sekunde, na mtu hawezi kuulaumu utaratibu huo, kwa kuwa herufi ndiyo kitu pekee ambacho kompyuta ina hakika nacho katika lugha zote. Ni juu yetu kuijulisha Kiswahili.

Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Mtoto wa darasa la kwanza aijua kanuni hiyo bila kuambiwa jina lake, kwa sababu amefundishwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu. Washairi wetu waijua tangu zamani, nao wameifanya kipimo cha kazi yao: mshororo wa utenzi hupimwa kwa mizani 8, wa shairi la kawaida kwa mizani 16, na hakuna malenga anayepima mshororo kwa kuhesabu herufi. Kizio tunachokitafuta kimekwisha kupatikana kitambo, ila hakikuwa kimehitajiwa katika mahali hapa.

Kwa mtayarishaji programu mabadiliko ni madogo mno. Badala ya kuongeza moja kwenye hesabu ya herufi zionekanazo, aiongeze mpaka aifikie irabu, yaani a, e, i, o au u, kisha asimame. Hatutakaribishwa litatokea kwa mipigo 7: ha, tu, ta, ka, ri, bi, shwa. Ng'ombe litatokea kwa miwili. Kanuni haihitaji kamusi wala orodha ya konsonanti. Ch, sh, ny, ng' na hata mbw hupita zote katika mlango mmoja. Neno likiisha kwa konsonanti, kama maalum, pengo lifuatalo na lihesabiwe kuwa limeifunga silabi. Maneno kama labda na daktari yatapasuliwa vibaya, la-bda na da-kta-ri. Mwanafonolojia atanung'unika, lakini mchezaji hatahisi lolote, kwa maana hapa hatukati neno kwa kistari, twalifunua tu.

Mwendo nao sharti ubadilishwe pamoja na kizio. Katika skrini ichorwayo mara 60 kwa sekunde, silabi moja kwa kila picha 8 hutoa silabi 7.5 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu asemaye kwa haraka bila kujikwaa. Silabi moja kwa kila picha 4 hutoa 15, mwendo umfaao msomaji mwepesi. Atakayeiacha namba ya zamani iliyowekewa herufi, tuseme picha 2, atapata silabi 30 kwa sekunde, na mpigo utatoweka usionekane kabisa.

Ugumu wa kweli uko katika herufi m. Neno mtu lina silabi mbili, m na tu, na mshairi huzihesabu mbili. Kanuni yetu hulitoa kwa mpigo mmoja. Twaweza kuongeza kwamba m itanguliapo konsonanti kama t, k, l au s ipewe mpigo wake peke yake, na sehemu kubwa ya tatizo itaondoka. Lakini mbele ya b kanuni huvunjika. Katika mtu mbaya, m ni kiambishi cha ngeli na ni silabi. Neno lina silabi tatu. Katika nyumba mbaya, mb ni sauti moja iliyoungana, na neno lina silabi mbili. Tahajia ni ile ile. Hakuna programu itakayoyatenga maneno hayo kwa kutazama herufi zake. Itabidi iijue ngeli ya nomino iliyotangulia, au mtungaji atie alama kwa mkono. Katika maandishi ya kimya tofauti hiyo haimdhuru mtu. Katika mlio yadhuru.

Mlio, mkazo na vituo

Ili kuepuka kelele, programu nyingi hutoa mlio kwa herufi moja na kuiruka moja, au kuziruka mbili. Mpango wa kuruka moja, ukianzia herufi ya kwanza, huitoa milio ya hatutakaribishwa juu ya h, t, t, k, r, b, s na w: milio minane kwa silabi saba, yote juu ya konsonanti, na silabi ya mwisho hupata miwili. Ng'ombe hupata milio minne, na mmojawapo ni wa ritifaa, ambayo haijapata kutamkwa na mtu yeyote. Mlio ukifungwa kwenye silabi, hesabu hujirekebisha yenyewe.

Na hapa Kiswahili kina neema ambayo Kiingereza hakina. Mkazo wetu, isipokuwa katika maneno machache, hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Programu iliyokwisha kuligawanya neno katika silabi yajua tayari ni ipi, na yaweza kuupandisha mlio wake kidogo. Kwa gharama ya mstari mmoja au miwili ya programu, mhusika ambaye hana sauti ya binadamu huanza kuwa na lafudhi ya Kiswahili. Mtu aliye chumba cha pili, asiyeona skrini, aweza kuhisi mwendo wa lugha yake. Barabara ipitwayo na magari itapata haki yake bila msaada. Barabara yenye maana ya sawasawa, ambayo mkazo wake umerudi nyuma kwa silabi moja, itahitaji alama. Neno mtu litahitaji kanuni ile ya m, kwa kuwa mkazo huiangukia m yenyewe, na bila ya m kuwa na mpigo hapatakuwa na mahali pa kuuweka.

Vituo vya uandishi hutumiwa kupumzisha mpigo: mkato hupewa pumziko fupi, nukta refu zaidi. Mpango ni mzuri mpaka ukutane na desturi zetu za uandishi. Katika Bw. Juma mhusika hushusha pumzi katikati ya heshima. Katika k.m. hushusha mara mbili. Saa 3.30 husomeka kama sentensi mbili. Yatosha kuamuru kwamba nukta isipumzishe ila ikifuatwa na pengo na herufi kubwa, lakini amri hiyo haimtibu Bw. Juma, na kwa hiyo vifupisho vya cheo ni afadhali viandikwe kwa ukamilifu. Ritifaa ya ng' nayo ichungwe: programu zinazogeuza alama hizo kuwa za kunukuu huweza kuipindua, na katika mazungumzo yaliyotiwa ndani ya alama za kunukuu msomaji huona kana kwamba maneno ya mhusika yamekwisha katikati ya ng'ombe.

Kabla herufi za Kirumi hazijaenea, Kiswahili kiliandikwa kwa muda mrefu kwa herufi za Kiarabu, na mtu akitunga mchezo juu ya Lamu au Pate ya kale huenda akataka barua na tenzi zionekane katika hati hiyo. Hapo mpigo wa herufi huharibika waziwazi. Herufi ya Kiarabu hubadili umbo kwa kufuata mahali ilipo katika neno, kwa hiyo kila herufi mpya ikija, iliyotangulia hujigeuza, na neno huonekana likijipindapinda kama mnyoo. Alama za irabu, zikaazo juu au chini ya konsonanti, kompyuta huzihesabu kuwa vitu mbali, ijapokuwa jicho huziona kuwa kitu kimoja na konsonanti zake. Godot tangu toleo la 4, lililotoka mwaka 2023, humpa mtungaji hiari ya kuyaunda maumbo ya neno zima kwanza na kulificha baadaye, na hivyo ndivyo ifaavyo. Kisha, konsonanti ikitokea pamoja na alama ya irabu yake, tumerudi kwenye silabi.

Limebaki suala la mchezaji mwenyewe. Yote tuliyoyaeleza humtazama kama msikilizaji aliyekaa akisubiri, na wachezaji wengi hawasubiri. Yuko asomaye haraka kuliko mwendo wowote utakaowekwa, yuko arudiaye sehemu aliyoshindwa kwa mara ya sita, na yuko yule ambaye maandishi yanayosogea humchosha macho au humvuruga fikira. Kwa hiyo kitufe kikibonyezwa mara ya kwanza sharti kiikamilishe sentensi, na cha mara ya pili ndicho kiifunge. Mchezo unaovichanganya viwili hivyo humfanya mtu aiache sentensi asiyoisoma. Aidha mwendo uwe katika orodha ya mipangilio, na kati ya miendo hiyo uwemo wa kutokuwa na mpigo kabisa. Katika Ren'Py mpangilio huo upo tayari: mchezaji huusogeza hadi mwisho wake, na maneno yote hutokea kwa mara moja.